Je, Ajali Haina Kinga?

Sisi walimu wa Kiswahili hufundisha methali nyingi pasipo kuzihoji, na mojawapo ni ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu isiyosogezwa mbele wala nyuma. Hatuna ugomvi na imani hiyo. Shaka yetu ni pale mtoto anapoungua kwa chombo kibovu cha nyumbani, majirani wakasema ni ajali, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tuitazame Wandegeya, mjini Kampala. Upande mmoja ni kilima cha Makerere chenye chuo kikuu, na upande wa pili ni Mulago yenye hospitali kuu ya taifa. Kati yake ni bonde la Katanga, ambako si ajabu jamaa nzima kuishi katika chumba kimoja cha kupanga. Humo sigiri ya makaa, kitanda na mtoto atambaaye hugawana hatua tatu nne za sakafu. Umeme ukikosekana huwashwa koroboi, ambayo wenyeji huiita tadooba: kopo tupu lililotiwa utambi. Kitako chake ni chembamba na kifuniko hakikazwi, hivyo ikiguswa huanguka na kumwaga mafuta papo hapo. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi. Yakichanganyika na petroli, huweza kulipuka hata katika ubaridi wa alfajiri. Na penye umeme huuzwa nyaya ambazo kwa nje ni shaba, kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Zikibebeshwa pasi au jiko, hupata joto hadi kuyeyusha ganda lake.

Basi lawama ni ya nani? Desturi humwangukia mama, kwa kuwa ndiye aonekanaye: alikwenda kuteka maji, akamwacha mtoto. Sisi twaona lawama yafaa ifuate ujuzi na uwezo. Mama hawezi kuona kilichomo ndani ya waya. Muuzaji anayejua alichokiuza hana udhuru. Fundi wa mabati wa Katwe twasita kumhukumu, maana naye ni maskini na mteja wake ana sarafu chache. Hata hivyo, kupanua kitako cha koroboi kwahitaji bati kidogo tu. Dola nayo ina sehemu yake, kwani Shirika la Viwango la Uganda liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989.

Wako waliokwisha kulikataa neno ajali. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, watoto waliungua kwa mavazi ya kuchezea yenye manyoya yawakayo upesi. Sheria ya mwaka 1953 haikuwaagiza wazazi wawe macho. Iliwakataza wafanyabiashara kuuza vitambaa vya namna ile.

Kisarufi jambo hili li wazi. Tusemapo “mtoto ameungua”, kitenzi hakidai mtenda; tusemapo “mtoto ameunguzwa”, msikilizaji hana budi kuuliza, na nani? Katika somo la kauli za vitenzi tungependa sentensi hizo mbili ziandikwe ubaoni pamoja, na wanafunzi waachiwe nafasi wajaze jina baada ya neno “na”.