Mjukuu wangu, usikope tena usiku wa leo

Mjukuu wangu, njoo ukae karibu nami. Nimekuona simu ikiita usiku, nawe unaigeuza kifudifudi usiione. Naijua simu hiyo. Ni ya mtu anayekudai.

Sikugombezi. Kodi ya nyumba na maziwa ya mtoto havingoji mwisho wa mwezi. Ila njia hii nimewaona wengi wakiipita, na najua inakoishia.

Unachukua mkopo kwenye programu hii ili ulipe ile. Mwanangu, hapo hujalipa kitu. Akopaye kulipa mkopo amehamisha jipu, hajalitumbua.

Hebu piga hesabu nami. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa elfu moja, ni shilingi 75 tu, na mtu huona si kitu. Lakini ukikopa elfu hiyo kila mwezi kwa ada hiyo, mwaka ukiisha umetoa shilingi 900, na hata elfu moja ya akiba huna. Kadi ya mkopo ya benki nayo ni hivyo hivyo: ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba inameza pesa nyingi na deni hupungua kidogo mno.

Ukinyamaza, unapelekwa CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji. Kufuta programu kwenye simu hakufuti deni. Hapa Kenya kampuni hizo ni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na wakopeshaji husoma humo kabla ya kukupa chochote. Siku utakapoitwa kazi ya serikali, utaambiwa ulete cheti cha CRB pamoja na cha HELB cha mkopo wa masomo na cha KRA cha kodi. Inauma kumwona kijana mwenye shahada akikimbizana na cheti kwa deni la simu alilokwisha kulisahau.

Tena sikiliza hili. Hata ukilipa, habari kwamba ulishindwa kulipa hubaki kwenye rekodi miaka 5, na hesabu huanzia siku ulipomaliza deni. Miaka 5, mjukuu wangu! Kila mwezi unaojificha unaisukuma mbele siku ya kuwa huru.

Basi anza. Nakuomba, anza. Sheria inakupa ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Iitishe, uisome mstari kwa mstari. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa, au usilolijua, lipinge kwa maandishi. Chukua daftari, andika kila unayedaiwa naye, kiasi, na riba. Lenye riba kali lipe nguvu zaidi, mengine yape kidogo kidogo. Mpigie mkopeshaji kabla hajakupigia, mpatane kiasi unachokiweza, na ujumbe wa kila malipo uuhifadhi. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha.

Akitokea mtu wa kukwambia umtumie pesa akusafishie jina CRB, mkimbie. Deni halali husafishwa kwa kulilipa tu.

Usimfiche mwenzako nyumbani. Deni la siri huzaa kwa siri.

Nakusihi, usiku wa leo usikope tena, hata shilingi mia. Jumapili niletee daftari hilo, tulipitie mimi nawe, deni moja baada ya jingine. Wala usinionee haya.