Kumpenda Mtu na Kumwambia Ukweli: Somo Kutoka kwa Mjadala wa Walokole Kuhusu Wayahudi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ikiwa unaamini kwa dhati kwamba jirani yako hatasalimika Siku ya Kiyama bila kuikubali dini yako, je, kumpenda kunakutaka umwambie, au kunakutaka unyamaze? Wakristo wa kiinjilisti, wale ambao huku kwetu tumezoea kuwaita walokole, wamebishana juu ya swali hili kwa miaka mingi kuhusu Wayahudi. Sisi Waislamu tunaujua upande mmoja tu wa habari zao, yaani jinsi wanavyoiunga mkono Israel. Mvutano uliomo ndani yao hatuujui, nao una funzo kwetu.

Tuanze na historia kwa ufupi. Katika karne ya 19, mhubiri John Nelson Darby alifundisha kwamba Mungu ana mpango mmoja kwa Kanisa na mwingine kwa taifa la Israel, na kwamba Wayahudi watarejea katika ardhi yao kabla ya mwisho wa dunia. Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotolewa mwaka 1909, iliyaeneza mafundisho hayo Marekani nzima. Dola ya Israel ilipoundwa mwaka 1948, na Jerusalem yote ilipotekwa mwaka 1967, wengi wao waliona unabii unatimia mbele ya macho yao. Mwaka 2006 mchungaji John Hagee wa Texas aliasisi jumuiya ya Christians United for Israel, na serikali ya Israel ikawapata marafiki wakubwa.

Lakini urafiki huo ulikuwa na mwiba ndani yake. Mlokole huamini kwamba hakuna wokovu ila kwa kumwamini Yesu, na Myahudi hamwamini. Mwaka 1980 Bailey Smith, aliyekuwa rais wa Southern Baptist Convention, alisema hadharani kwamba Mungu haisikii dua ya Myahudi. Wayahudi walikasirika, na baadhi ya Wakristo waliona aibu. Ikawa lazima kila upande useme unasimama wapi.

Wako waliosema Wayahudi wana agano lao na Mungu tangu Ibrahim, agano lisilofutwa, kwa hiyo hawana haja ya kuhubiriwa. Fikra hiyo inafanana na ile ya mwanafalsafa wa Kiyahudi Franz Rosenzweig, aliyeandika mwaka 1921 kwamba dini zote mbili zina njia yake kwa Mungu. Wainjilisti wengi waliikataa. Waliokutana Willowbank, Bermuda, mwaka 1989 walitangaza kwamba Injili ni ya Wayahudi kama ilivyo ya watu wengine, na mwaka 1996 Southern Baptist walipitisha azimio la kuongeza juhudi za kuwahubiria. Hagee mwenyewe alipotoa kitabu mwaka 2007, wenzake walimtuhumu kwamba anawaondolea Wayahudi haja ya kumwamini Yesu. Alikana tuhuma hiyo, na akakirekebisha kitabu.

Ukiutazama mzozo huu kwa mantiki tu, wanaotaka kuhubiri ndio wenye msimamo ulionyooka. Anayeona nyumba ya jirani inaungua hanyamazi kwa kuogopa kumvunjia adabu. Anayenyamaza kwa sababu anahitaji urafiki, kura au heshima ya jirani huyo, ukimya wake una harufu ya biashara.

Lakini Myahudi naye ana hoja nzito. Mwaka 1492 watawala wa Hispania waliwapa babu zake hiari ya kubatizwa au kufukuzwa nchini. Martin Luther aliandika mwaka 1523 kwa upole, akitumaini kwamba Wayahudi wakitendewa vizuri wataingia katika Ukristo. Hawakuingia. Mwaka 1543 aliandika tena, safari hii akitaka masinagogi yao yachomwe moto. Hapo tunaona hatari yenyewe: upendo unaosubiri malipo hugeuka kuwa chuki malipo yasipokuja. Watu waliopoteza roho milioni 6 huko Ulaya katika karne iliyopita wana haki ya kuuliza kila anayewaalika: nikikataa, utanifanya nini?

Na hata wale wanaowasaidia bila kuwahubiria, tuwaulize wanampenda nani hasa. Katika ramani ya mwisho wa dunia inayofundishwa na wafuasi wa Darby, Wayahudi hukusanywa, hupitia dhiki kuu ambamo wengi huangamia, na wanaobaki humkubali Yesu. Myahudi hapo amekuwa ngazi ya mtu mwingine kupandia. Na Mpalestina hana hata nafasi ya ngazi. Wapalestina zaidi ya 700,000 waliopoteza makazi yao mwaka 1948, wakiwemo Wakristo, hawaonekani katika ramani hiyo. Tuseme haki pia: si wainjilisti wote wako hivyo. Chuo cha Biblia cha Bethlehem, tangu mwaka 2010, kimekuwa kikiandaa kongamano la Christ at the Checkpoint, ambapo wainjilisti hukaa na kuzisikiliza habari za Wapalestina kutoka kwa wenyewe.

Sasa tugeukie kwetu. Sisi pia tunaamini kwamba haki ni moja. Wanazuoni wetu wamezisoma pamoja aya ya 62 ya Suratul Baqara na aya ya 85 ya Suratu Aal Imran, na wengi wao wamesema kwamba baada ya Mtume Muhammad (s.a.w) kutumwa, aliyefikiwa na ujumbe wake anatakiwa aufuate. Imam Ghazali, katika Faysal al-Tafriqa, alipambanua kati ya asiyefikiwa kabisa, aliyefikiwa na habari zilizopotoshwa, na aliyeujua ukweli akaukataa. Kwa hiyo hata sisi hatuna orodha ya majina ya watu wa Motoni. Tuna ujumbe wa kufikisha, na hukumu ni ya Allah.

Mtume (s.a.w) alituonesha namna ya kufikisha. Kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia alipougua, alikwenda kumjulia hali, akakaa karibu na kichwa chake, akamwalika katika Uislamu. Kijana alimtazama baba yake, na baba akamwambia amtii. Hakukuwa na shinikizo wala bei. Na ilipopita jeneza ya Myahudi, Mtume (s.a.w) alisimama. Maiti yule hakuwa tena na nafasi ya kusilimu, lakini heshima yake ya ubinadamu ilibaki. Zaidi ya hayo, wafasiri wanaeleza kwamba aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105 ziliteremka kumsafisha Myahudi aliyesingiziwa wizi na watu waliojiita Waislamu.

Kutokana na hayo, napendekeza tujipime kwa maswali mawili. La kwanza: ningekuwa na yakini kwamba mtu huyu hatakubali dini yangu kamwe, je, ningeendelea kumtendea wema na uadilifu? La pili: ningejua kwamba ukweli utanipotezea urafiki wake, je, ningeusema? Luther alianguka katika swali la kwanza. Anayeficha imani yake ili asipoteze mshirika anaanguka katika la pili.

Na sisi? Tangu vita vya Gaza, neno "Yahudi" limekuwa tusi katika mazungumzo ya mabwenini. Hasira juu ya dhulma ni haki, na kunyamaza mbele yake ni aibu. Lakini hapa Mbale, juu ya kilima cha Nabugoye, kuna sinagogi la Abayudaya, waganda wenzetu ambao dini yao ilianza na Semei Kakungulu mwaka 1919, na iliyopigwa marufuku wakati wa Idi Amin. Mwaka 2004 waliungana na wakulima Waislamu na Wakristo katika ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera. Hao hawakurusha bomu lolote Gaza. Kuwabebesha dhambi ya dola iliyo mbali ni kufanya kile kile tunachowalaumu walokole: kumtazama Myahudi kama alama katika hadithi yetu, na kumsahau mtu mwenye jina na haki zake.

Tumtetee Mpalestina kwa sababu amedhulumiwa. Tumwalike jirani kwa sababu tunamtakia kheri. Na akikataa, chai yake iendelee kuwa ya moto nyumbani kwetu. Kumwongoa si kazi yetu, Mtume (s.a.w) mwenyewe aliambiwa hivyo kuhusu mtu aliyempenda, ami yake Abu Talib, aliyemlinda hadi kufa. Kumfanyia uadilifu ni kazi yetu, na tutaulizwa.

Wallahu a'lam.