Peni Inayopanda Mlima Meru

Safari ya kupanda Mlima Meru huanzia lango la Momela, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kileleni ni mita 4,566. Njiani mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu theluthi moja, na mpandaji aliyechomeka kalamu ya wino mfukoni, ile ya nibu, aweza kukuta shati limelowa buluu. Hewa iliyo ndani ya kalamu hutanuka, ikausukuma wino nje.

Adha hiyohiyo iliwapata marubani wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi lao la anga likaagiza kalamu 30,000 za László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria aliyehamia Argentina na kupata hataza huko mwaka 1943. Kazi yake inastahili heshima kubwa: wino mzito, na gololi ndogo nchani inayouchota kila inapoviringika juu ya karatasi. Basi.

Desemba 1950, Marcel Bich akaanza kuuza Bic Cristal, kalamu ya gololi ya namna hiyo, nchini Ufaransa, kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu.

Mtoto wa Ngare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, anayeelekea shuleni asubuhi hii akiwa na peni ya aina hiyo, na aitazame ubavuni. Pana kitundu kidogo sana. Hicho ndicho husawazisha hewa ya ndani na ya nje, wino ushuke bila kukwama, iwe ufukweni Tanga au kwenye kibanda cha Saddle huko mlimani, mita 3,570 juu ya bahari.