Aliyehama Anahitaji Nyumba

Soma: Kutoka 20:12; Marko 7:9–13; Marko 10:28–30; Matendo 17:11; Matendo 18:24–26; Ruthu 1:16.

Katika vijiji vya machimbo vya Geita na Kahama, kama Nyarugusu, Rwamgasa na Kakola, mtu hufika akitafuta dhahabu na hukuta pia makanisa mengi. Amezaliwa Maswa katika familia ya AIC, au Bukoba katika familia ya Kikatoliki. Sasa amepanga chumba kwenye mtaa wenye Wakatoliki, AIC, Walutheri, Waadventista na Wapentekoste wa kila jina. Hakuna mzazi wa kumwuliza amesali wapi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, kanisa ni jambo la kuamua mwenyewe.

Baadhi yao hujifunza Biblia na kuamua kujiunga nasi. Habari ikifika nyumbani, ndugu huuliza: mtu mzima anayeacha kanisa la wazazi wake, je, hajawasaliti? Swali hili tusilijibu kwa haraka. Mungu aliyetoa amri ya nne ndiye aliyetoa ya tano.

Historia ya eneo letu inatusaidia hapa. Mwaka 1909 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikabidhi kituo chao cha Nassa, kusini mwa Ziwa Victoria, kwa Africa Inland Mission, misheni ambayo kutokana nayo lilizaliwa kanisa la AIC. Waumini waliofundishwa na Waanglikana wakajikuta chini ya misheni nyingine kwa makubaliano ya wamisionari. Na kabla ya hapo, wale waliobatizwa kwanza walikuwa wameacha matambiko ya wazee wao. Ujumbe wetu nao ulifika Upare mwaka 1903, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ukafika upande wa ziwa. Waliouamini walikuwa na wazazi wenye njia nyingine. Ukifuatilia ukoo wowote wa Kikristo wa Shinyanga au Geita, utamkuta mtu mmoja ambaye alihama. Kwa hiyo kuhama kwenyewe si usaliti.

Lakini si kila kuhama ni imani. Wako wanaohama kwa sababu wamegombana na mchungaji, au wamenyimwa uongozi wa kwaya, au wamesikia kwamba mahali fulani wakiombewa duara litatoa. Waberoya walisifiwa kwa kuchunguza Maandiko kila siku kabla ya kukubali walichoambiwa. Mchimbaji analielewa jambo hili. Hamlipi mtu kwa sababu jiwe linang'aa. Hulisaga, huliosha, huchoma kinachobaki, ndipo anajua ana kiasi gani. Mtu anayepima jiwe kwa uangalifu huo asichague kanisa kwa sababu ya ugomvi wa wiki iliyopita. Na ajiulize kwa unyofu: je, ningehama hata kama hakuna mtu aliyeniudhi?

Anayehama kwa dhamiri bado ni mtoto wa wazazi wale wale. Yesu aliwakemea watu waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowatunza baba na mama. Imani mpya haimpi mtu ruhusa ya kuacha kutuma fedha za matibabu ya mama, wala kukosa msiba wa ukoo, wala kudharau sala alizofundishwa akiwa mdogo. Apolo alipokutana na Akila na Prisila alikuwa tayari anajua Maandiko na ana bidii rohoni. Hawakuyafuta aliyoyajua, bali waliyakamilisha. Wala hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kwao.

Hapa swali linageuka na kututazama sisi tunaompokea. Aliyehama amelipa gharama. Asiyeingia duarani siku ya Jumamosi anaweza kukosa mgao, au nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Jumuiya ndogondogo iliyomtembelea alipougua huenda isimhesabu tena. Nyumbani anaweza kuambiwa, "Basi utazikwa na hao hao Wasabato wako." Kwa mtu wa kwetu, hayo ni maneno mazito. Kujua nani atakuzika ni sehemu ya kujua wewe ni wa nani.

Yesu hakuificha gharama hiyo. Lakini aliahidi kwamba aliyeacha nyumba, ndugu na mama kwa ajili yake atapata mara mia, na si mbinguni tu, bali sasa, katika maisha haya. Nyumba hizo ziko wapi? Akina mama hao ni akina nani? Yesu hakuacha ghala jingine la kutolea ahadi hiyo isipokuwa kusanyiko lake. Mtu akibatizwa mwezi wa tano baada ya mahubiri ya hadhara, akaugua mwezi wa tisa, na hakuna aliyebisha hodi, ahadi ya Kristo haijashindwa. Imeshikiliwa mikononi mwetu.

Mwingine atasema: "Kweli inatosha. Aliyekuja kwa ajili ya watu hakuongoka." Ni kweli kwamba urafiki peke yake hauwezi kumshikilia mtu siku ya jaribu. Lakini msikilize Ruthu. Alipomng'ang'ania Naomi, aliwataja watu wa Naomi kwanza, kisha akamtaja Mungu wake, kwa pumzi moja. Alimjua Mungu wa Israeli kwa kuishi na mtu wa Israeli. Na Apolo alielezwa kweli nyumbani kwa watu.

Tunapenda kusoma hesabu ya waliobatizwa. Ni vema pia kusoma hesabu ya waliobaki. Kanisa la kijiji cha machimbo lina kazi ngumu, kwa maana watu huhama dhahabu inapohama. Hata hivyo inawezekana kujua chumba anachopanga mshiriki mpya, kumkaribisha chakula cha Sabato mchana, kumwingiza katika kikundi cha kufa na kuzikana, kumtafutia kazi isiyomlazimisha kuvunja Sabato, na akihama, kuandika barua na kumpigia simu mzee wa kanisa la aendako. Tena twende naye kwa wazazi wake kuwasalimu, ili waone kwamba mtoto wao hajapotea.

Mzazi akiuliza kama mwanawe amesaliti nyumba, jibu zuri kuliko yote ni mwana anayemtunza kuliko zamani, na kanisa linalosimama pamoja naye makaburini.

Maswali ya Kujadili

1. Wewe uliyezaliwa katika kanisa hili, ni lini uliichunguza imani yako kama Waberoya? Kurithi kuna hatari gani?

2. Mshiriki mpya anaitwa kwenye msiba wa ukoo unaoambatana na matambiko. Atawaheshimuje wafiwa bila kuivunja dhamiri yake? Kanisa limsaidieje?

3. Taja kwa jina mtu mmoja aliyebatizwa kanisani kwenu mwaka huu. Nani katika darasa lenu anajua anakoishi? Mtafanya nini kabla ya Sabato ijayo?