Tarakimu Ambazo Sikuziona



Mwaka 2017, baada ya kumaliza kidato cha nne, nilipata kibarua kwenye duka dogo la kununua dhahabu huku kwetu Nyahanga, Kahama. Wakati ule masoko ya madini yalikuwa bado. La kwanza lilifunguliwa Geita Machi 2019. Kazi yangu ilikuwa kushika kikokotoo na daftari, na kwa kweli nilijiona msomi.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo haiji safi. Hata ikishachomwa kuondoa zebaki, ndani bado kuna fedha. Sisi tulipima usafi kwa maji: unapima kipande kikiwa kikavu, halafu unakipima kikiwa kimening'inia majini. Uzito unaopungua unakuonyesha ujazo wake, na ukigawanya unajua kila sentimita moja ya ujazo ina gramu ngapi. Dhahabu tupu ni 19.3, fedha ni 10.5. Namba yako ikikaribia 19.3, mzigo ni mzuri.

Siku hiyo akaja mzee mmoja, mchimbaji. Kipande chake kikavu kilisoma gramu 14.3. Majini kikasoma 13.5. Tofauti 0.8. Nikabonyeza, ikaja 17.875. Kwenye jedwali letu hiyo ni asilimia 90.49 ya dhahabu. Nikazidisha, kikokotoo kikatoa 12.94007. Nikamwandikia: dhahabu tupu gramu 12.940.

Mzee akaishika karatasi kwa muda.

"Mwanangu, huo mzani wako unaonyesha namba ngapi baada ya nukta?"

"Moja, mzee."

"Sasa hizi tatu umezitoa wapi?"

"Kwenye kikokotoo."

"Kumbe kikokotoo kimeiona dhahabu yangu kuliko mzani." Akacheka kidogo, akachukua hela yake, akaenda.

Usiku sikulala vizuri. Nikachukua daftari langu la fizikia, lile ambalo nilikariri sheria za tarakimu zenye maana ili nifaulu mtihani tu, nikaanza kuhesabu upya. Mzani wa desimali moja ukisoma 14.3, uzito wenyewe unaweza kuwa popote kati ya 14.25 na 14.35. Majini vivyo hivyo. Kwa hiyo ile tofauti ya 0.8 ingeweza kuwa 0.7, au 0.9. Ikiwa ni 0.9, unapata 15.9, yaani dhahabu ya asilimia kama 74. Ikiwa ni 0.7, unapata 20.4, nzito kuliko dhahabu tupu, kitu ambacho hakipo! Nilichokijua kweli ni kwamba kipande kile kilikuwa kati ya robo tatu na dhahabu tupu. Basi. Mimi nikaandika 90.49.

Je, niliiba? Sijui, na hapo ndipo paliponisumbua. Labda mzee alipunjwa, labda aliyepunjwa ni tajiri wangu. Maandiko yanakemea mizani ya udanganyifu, soma Mithali 11 au Amosi 8, lakini mzani wetu haukuchezewa. Ulisema ulichokiona, ukanyamaza. Aliyeendelea kusema ni mimi.

Utaniambia: lakini hukukusudia. Katekisimu (KKK 2482) inaeleza kwamba uongo ni kusema yasiyo kweli kwa nia ya kudanganya. Nilijifichia hapo siku mbili tatu. Halafu nikajiuliza kwa nini sikuandika "kama 13 hivi". Jibu lilikuwa rahisi na la aibu: ukimwandikia mtu "kama 13", anabisha. Ukimwandikia 12.940, ananyamaza. Zile tarakimu niliziweka ili zimnyamazishe. Kila tarakimu ninayoiandika ni kama ushahidi kwamba hiki nimekiona, na mimi nilishuhudia nisichokiona mbele ya mtu asiye na njia ya kuhakiki.

(Na si dhahabu tu. Kwenye magrupu yetu ya vijana tunampima binti wa kwaya kwa picha moja ya WhatsApp, tunatoa majibu ya desimali tatu. KKK 2477 inaiita hukumu isiyo na msingi wa kutosha.)

Nikaenda kitubio. Kanisa linatudai dhambi nzito kwa aina na idadi (Kanuni 988), nami sikuwa na idadi. Karatasi nilizoandika vile ni nyingi. Padre aliniambia niseme ninavyokumbuka, "mara nyingi, kwa miezi kama minane", nisibuni hesabu. Nikamwuliza kuhusu malipizi: nimrudishie nani, kiasi gani? Akasema nianze kwa kumweleza ukweli yule ninayemfahamu.

Nilimkuta mzee machimboni Mwime, amekaa kivulini. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza yote, 74, 90, na ile 20.4 isiyowezekana.

"Kwa hiyo ningepata zaidi?"

"Sijui, mzee. Ungeweza kupata pungufu pia."

"Pungufu kiasi gani?"

"Gramu mbili na kitu. Au zaidi kwa gramu moja na kitu. Siwezi kusogea karibu zaidi ya hapo."

Akaangalia chini muda mrefu. Nilikuwa na shilingi elfu arobaini mfukoni, nikazitoa. Alizitazama, akaniuliza kama nimekula.