Mtoto wa Kwetu Kwenye Kiti cha Petro



Mwezi Mei 2025, makardinali walipokuwa wakijiandaa kumchagua Papa mpya, katika jumuiya zetu ndogondogo swali lilikuwa moja tu: je, safari hii Papa atatoka Afrika? Watu waliwataja makardinali Turkson wa Ghana, Ambongo wa Kinshasa na Sarah wa Guinea kama wanavyotaja wajomba zao. Nasi Watanzania tulikuwa na wetu mle ndani ya Kikanisa cha Sistina: Protase Kardinali Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, mmoja wa wapigakura 133. Kina mama walisali rozari wakimtaja kwa jina.

Simlaumu yeyote kwa shauku ile. Ina mizizi, tena mirefu. Mnamo Machi 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, Papa Yohane XXIII alimteua Laurean Rugambwa kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi. Alikuwa na miaka 47. Huyu ni mtoto wa Kagera aliyebatizwa mwaka 1921 akiwa na miaka minane, akasomea upadre Katigondo, Uganda, akapadrishwa mwaka 1943. Wazee wetu walikuwa wametawaliwa na Wajerumani, kisha Waingereza. Maamuzi yote makubwa yaliyowahusu yalifanywa na wengine. Halafu mwaka 1963 wakasikia kwamba mtu wa kwao ameingia Roma kumchagua Baba Mtakatifu! Kwao haikuwa habari ya kofia nyekundu. Walijua sasa kwamba katika nyumba ya Mungu hawakuwa wageni waliokaribishwa barazani. Na mwaka uleule wa 1960, hukohuko Kagera, Bukoba, alizaliwa Protase, ambaye miaka 30 baadaye alipewa upadre na Papa Yohane Paulo II mwenyewe, jijini Dar es Salaam.

Wala Papa kutoka Afrika hatakuwa jambo jipya. Kanisa la karne za mwanzo lilikuwa na Viktori, Miltiade na Gelasi, ambao mapokeo yanawataja kuwa wenye asili ya Afrika.

Kinachonipa wasiwasi ni neno moja nililolisikia mara nyingi siku zile: “Sasa ni zamu yetu.” Hiyo ni lugha ya siasa, ya kuhesabu mkoa gani umetoa mawaziri wangapi. Someni tena sura ya nne ya Injili ya Luka. Watu wa Nazareti walimfurahia sana Yesu, mwana wa Yosefu, kijana wao. Walitaka atende pale kijijini yale waliyosikia ameyatenda Kapernaumu. Alipowakumbusha kwamba Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, na kwamba aliyetakaswa ukoma zamani za Elisha ni Naamani wa Siria, wakamtoa nje ya mji hadi ukingo wa kilima wamtupe chini. Fahari yao iligeuka hasira mara tu walipotambua kwamba mtoto wao si mali yao.

Jioni ya tarehe 8 Mei alitoka Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago. Pale kwenye roshani alizungumza Kiitaliano, kisha akageukia Kihispania kuwasalimu waamini wa Jimbo la Chiclayo, Peru. Chiclayo hawakumzaa. Walimpokea mgeni, akawa askofu wao kwa miaka kadhaa na raia wa nchi yao. Na siku ile wakashangilia kama ndugu wa damu. Nani atasema hakuwa wa kwao?

Nasi tumewahi kuzawadiwa watoto wa wengine. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi, huko Kagera, mwaka 1892, na kati ya waliokuja nchini kwetu wamo ambao hawakurudi tena kwao. Makaburi yao yapo katika misioni zetu, tunapita kando yake tukienda Misa. Kila mmoja alikuwa na mama Ulaya aliyemsindikiza akijua huenda hatamwona tena. Bila kina mama wale, nani angembatiza Laurean?

Kwa hiyo nina swali kwa wazazi, maana nimekaa nao sebuleni mara nyingi. Mzazi yuleyule anayesali tupate Papa Mtanzania, kijana wake akisema anataka kwenda seminari, husema: “Baba Padre, huyu ndiye tegemeo letu, mchukue mdogo wake.” Binti akitaja utawa, nyumba inanuna wiki nzima. Ninaelewa uchungu huo, nami sisemi ni mdogo. Lakini makardinali hawatoki mbinguni wakiwa wamekwisha kuvaa nyekundu. Wanatoka kwenye sebule hizohizo. Juma hili, mtakapokutana katika jumuiya, ulizeni kama kuna kijana aliyekwisha kusema nyumbani kwamba anataka seminari au utawa, na mwende mkawatembelee wazazi wake.