Saki Iliyopimwa kwa Mgongo Wako

Usomaji: 1 Samweli 17:38-40, Marko 1:19-20



Leo tunazungumza juu ya saki. Ndiyo, saki ya mgongoni, ile ya kwenda nayo kuvua. Musicheke. Biblia haikuona haya kutuambia Daudi alikuwa na mfuko gani siku ile alipomwendea Goliati.

Mwajua habari. Mfalme Sauli alimvika Daudi mavazi yake mwenyewe: kofia ya shaba, vazi la vita, upanga. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa. Akavua. Hakusema mavazi ya mfalme ni mabaya. Yalikuwa mazuri, lakini yalipimwa kwa Sauli, na Sauli alikuwa mtu mrefu kupita Waisraeli wote (1 Samweli 9:2). Daudi akachukua fimbo yake, mawe matano ya mtoni na kombeo. Na yale mawe aliyaweka wapi? Katika mfuko wake wa uchungaji, ule ambao mkono wake uliujua hata gizani.

Kijana mmoja wa paruwasi yetu alitumiwa saki na kaka yake kutoka Goma. Saki nzuri, zipu zinang'aa. Ilishonwa kwa ajili ya mwanafunzi: hapa daftari, hapa kalamu. Yeye akajaza ndoano, wavu, panga na unga wa muhogo, akateremka mto Lowa kuvua siku tatu. Ndoano zikashika wavu. Samaki wa kwanza wakalowesha unga. Mvua ya Walikale munaijua, haigongi mlango. Siku ya pili alikuwa anatafuna unga uliooza, na saa nzima ilipotea akifungua mafundo. Akarudi, akaniambia: «Papa mchungaji, Mungu hakubariki safari yangu.»

Nikamwambia: «Mwanangu, kabla ya kumshitaki Mungu, leta kwanza saki tuione.»

Tukaimwaga chini. Tukakata bidoni ya plastiki, tukaiweka chini ndani ya saki iwe nyumba ya samaki. Kwa msumari wa moto tukatoboa matundu chini ya bidoni na ya saki, maji yatoke. Juu yake unga, ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri. Ndoano tukazichoma katika kipande cha kambambili kuukuu, kila moja imelala peke yake, na tukashona mfuko mdogo upande wa kuume, maana yeye hutumia mkono wa kuume. (Kwa mwenye mkono wa kushoto mtashona kushoto. Usimlazimishe mtu mkono.) Wavu ukapata gunia lake pembeni. Fimbo ya kuvulia tukaifunga kwa mpira wa baiskeli uliokatwa. Mwisho tukaongeza kamba ya kichwani, kama ile ya kitunga cha mama zetu, kwa sababu mabega peke yake yanachoka kwenye njia ya msitu. Waulizeni waliobeba mawe ya Bisie miaka ile kabla barabara haijafika mgodini: mzigo wa kilo 50, na wanawaambia kwamba mzigo unaocheza mgongoni ni mzito kuliko uzito wake.

Mtu wa Masisi asichukue mfano huu kama ulivyo. Anayevua katika ziwa Ndalaga, kule Mokoto, yumo ndani ya mtumbwi, na adui yake ni baridi. Bidoni inaweza kumfaa, kamba ya kichwani pengine hapana. Na mama zetu wanaoziba kijito wakati wa maji machache, wakayachota mpaka samaki wabaki kwenye matope, wao kitunga kinawatosha. Hakuna saki moja ya watu wote.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika kanisa letu Mungu hutoa maono, hutoa uponyaji, hutoa nyimbo. Lakini naona ndugu wanaovaa mavazi ya Sauli. Mmoja anaomba kwa sauti ya mzee fulani, mpaka kikohozi cha mzee anakiiga. Mama mmoja alinijia akilia kwamba yeye haoti ndoto kama wenzake, basi labda Roho amemwacha. Mama huyu ndiye anayelala na wagonjwa wetu hospitalini, anayefua nguo zao. Nilimwambia: mama, mfuko wako umejaa, wewe unatafuta mfuko wa jirani. Na yule anayebuni ndoto ili aheshimiwe, ajue kwamba siku ya Goliati atashindwa kutembea.

Yakobo na Yoane, Yesu alipowaita, walikuwa wanatengeneza nyavu. Mtu mwingine angesema ni kazi ndogo, ya kupitisha wakati. Bwana aliwakuta humo.

Mwaka 2025, mwezi wa tatu, vita ilipofika Walikale, watu wengi waliingia msituni na kile walichoweza kushika. Kijana wetu alishika saki yake, maana ilikuwa imening'inia mlangoni, tayari. Hakuchukua redio, hakuchukua viatu vya Jumapili. Ndani ya ile bidoni alimweka mtoto wa dada yake, miguu imetoka nje ya saki. Na huko walikokimbilia, kwa wenyeji ambao nao hawakuwa na kitu, kile kipande cha kambambili chenye ndoano kililisha nyumba mbili. Aliniambia baadaye kwamba usiku alikuwa anatoa ndoano bila taa.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, vijana wanaojua kushona watakaa nyuma ya hekalu. Mwenye saki ailete pamoja na vyombo vyake vyote vya kuvulia, tusipime hewa. Sindano ya gunia tunazo mbili tu. Mwenye nyingine aje nayo. Wajane na waliorudi kutoka ukimbizini watashonewa wa kwanza.